Jina Lililobaki Mfukoni Mwangu

Mpaka saa hii naona kama ni uongo. Binti yake amenipigia asubuhi kutoka Merti: Mwalimu Akiru ametuacha. Jameni!

Nyinyi vijana wa Isiolo hamkumjua. Miaka ya themanini mwanzoni alikuwa soloist wa kwaya ya walimu, ile iliyoimba nyimbo za uzalendo kila sikukuu ya taifa. Mimi nilikuwa typist ofisi ya DC.

Mwili mdogo, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

Akiita "Isiolo!" kwaya inajibu "Tupo!", na besi za walimu wa kiume unazisikia kwenye mbavu. Marehemu babangu, mtu asiyependa serikali hata kidogo, alikuwa anasimama wima huku machozi yanamtoka. Ukitazama kando yako, Mborana, Mturkana, Mmeru, wote wanalia pamoja na wewe. Wallahi raha ile sijaipata tena.

Sasa, ubeti wa mwisho ulikuwa wa kutaja wakubwa kwa majina, kuanzia Rais mpaka DC. Ukikosea hapo umejichongea.

Mwaka mmoja DC alihamishwa siku mbili tu kabla ya sherehe. Akiru akanikuta sokoni.

"Salaam aleikum, mzee wa taipu! Huyu DC mpya anaitwa nani? Mimi siwezi imba jina ya mtu alishaenda."

"Nitakuletea uwanjani, abaayo, dada yangu. Nitaandika kwa karatasi, hiyo jina ni ngumu."

Nilifika na karatasi mfukoni. Nikawakuta wanapasha sauti nyuma ya jukwaa. Nikasema acha wamalize wimbo huu mmoja. Wakaingia mwingine, mtamu kuliko wa kwanza. Nikasimama pale nimefumba macho kama mjinga, mpaka niliposikia makofi. Walikuwa wameshaitwa mbele ya wageni.

Nilimwona akinitafuta kwa macho kwenye umati. Angefanya nini? Ubeti haurukwi, na jina jipya hakuwa nalo.

Akamwimbia DC wa zamani. Mara tatu, kwa bashasha yote. Mpya amekaa pale pale, kofia magotini.

Alipoulizwa nani alimpotosha, alijibu, "Hakuna mtu. Ni mimi nilisahau." Wiki iliyofuata barua ya kupendekeza transfer yake ikafika mezani kwangu. Merti, huko mbali nyikani. Niliipiga taipu kwa mikono yangu hii, na nakala mbili za carbon, na sikufungua mdomo. Niliogopa kupoteza kazi.

Kwaya haikumaliza mwaka bila yeye.

Nilimtembelea mara moja. Alinipa chai ya maziwa, akauliza habari za kila mtu, lakini ile siku ya sherehe hakuitaja kabisa. Nje watoto wa shule yake walikuwa wanaimba, sauti ni zake kabisa. Nilirudi Isiolo bila kusema neno. Uoga ni kitu kibaya sana.

Basi leo nasema mbele yenu nyote, na watoto wake wasome: mama yenu hakusahau kitu. Kosa lilikuwa langu.

Akiru, abaayo, ulinisitiri nikakuacha uende peke yako. Kesho nakuja Merti kukuzika, na maneno haya nitayasema kaburini kwa sauti, watu wote wasikie.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nisamehe, nimechelewa tena.