Maji Tuliyoyanywa Bila Kuulizia Majibu

Siku walipokuja kupima maji yetu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa kiangazi, pamba imeshachumwa, na kijiji chetu huku upande wa Mwandoya ndiyo kwanza kilikuwa kimepata kisima cha pampu. Kabla ya hapo tulikuwa tunafukua mchanga mtoni na kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Ukichelewa kuamka unakuta ng'ombe wamekutangulia. Kwa hiyo pampu ilipotoa maji meupe, sisi akina mama tulicheza mpaka vumbi likapanda.

Wapimaji walikuwa wawili, na gari la serikali. Walijaza maji kwenye chupa, wakazibandika karatasi, wakazipanga ndani ya sanduku. Mmoja wao, kijana mpole tu, akatuambia, "Majibu yatakuwa ofisini wilayani. Mtaulizia." Wakapanda gari lao wakaondoka, na sisi tukaendelea kuteka.

Wakati huo nilikuwa na binti mgongoni na mimba ya pili. Nilikuwa pia kwenye kamati ya maji, maana nilimaliza darasa la saba na ilitakiwa wanawake wawemo. Nikuambie ukweli, nilifurahia kuitwa mjumbe. Kazi ya mjumbe sikuifikiria sana.

Aliyeifikiria ni baba mkwe wangu, Mzee Luhende. Alikuwa mfugaji, hajui kusoma, na mtu wa maneno machache. Asubuhi moja nilipopiga magoti kumwamkia, "Mwangaluka, baba," aliitikia, halafu akaniuliza, "Mayu, mama, wale waliochukua maji yetu, wameona nini?"

"Sijui, baba. Labda hawajamaliza."

"Bwana mifugo alipotoa damu ng'ombe wangu, nilimfuata mpaka akanipa majibu. Mtu hachukui kitu chako akakitazama kisha akakaa kimya. Wewe si mjumbe? Nenda kaulize."

Nilikwenda, mwanangu. Usinidhanie sikwenda kabisa. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikapanda basi, nikafika ofisini. Kijana aliyekuwa mezani hakuniangalia usoni.

"Una barua ya mtendaji?"

"Sina. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji. Nimekuja kuulizia majibu ya kisima chetu."

"Mama, hizo ni nyaraka za serikali. Si za kila mtu."

Watu wa kwenye benchi wakanitazama. Kiswahili changu cha shule, ambacho kijijini kilinipa sifa, kikanipotea. Nikasema, "Asante, mwanangu," kama vile amenipa kitu, nikatoka nje. Sikuuliza jina lake. Sikuuliza ni nani hasa anayeruhusiwa kuziona kama si sisi tunaokunywa.

Mzee Luhende aliponisikiliza hakufoka. Alikaa, akatazama zizi lake, kisha akasema, "Ng'ombe walipata majibu yao. Watoto wa kijiji hiki ni wadogo kuliko ng'ombe?" Nikainamisha kichwa. Akaongeza, "Umekataliwa na mtu mmoja. Ofisi haijakukataa. Rudi, na safari hii msiende mtu mmoja."

Hilo ndilo karipio ambalo leo ningelipa chochote nilisikie tena na kulitii. Wakati ule nililipeleka kwenye kikao cha kamati, nikaona nimemaliza. Mwenyekiti wetu, mtu mwema aliyehangaika sana mpaka kisima kikapatikana, akatikisa kichwa. "Jamani, tusiwachoshe wakubwa. Tukiulizauliza watasema hatuna shukrani, na pampu ikiharibika hakuna atakayekuja. Maji yangekuwa mabaya si wangeshatuambia?" Wote tukaona amesema busara. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, la Mzee Luhende, nikalimeza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini siku ile tuliona kuuliza ni utovu wa adabu.

Mzee aliendelea kuniuliza kila masika yakiisha. "Bado, baba," nilimjibu. Alifariki bila kujibiwa.

Mtoto wa tumboni alizaliwa mvua ikinyesha, tukamwita Mabula. Alikuwa mtoto wa kukimbia, hata kuku walimwogopa. Meno ya watoto wetu yalipoota yakiwa na madoa ya kahawia hatukushtuka. Tulisema ni michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ni uchafu, tukawasugua na majivu mpaka wakalia. Ikawa ni alama yetu. Mtoto wa kijiji chetu akicheka mnadani, watu wanajua ametoka wapi.

Kisha miguu ya Mabula ikaanza kupinda. Mwanzoni nilidhani ni matege ya kawaida, yatanyooka. Hayakunyooka. Akaacha kukimbia, akawa anatembea akishika ukuta, na usiku analia magoti. Hakuwa peke yake, lakini kila nyumba iliona aibu yake kivyake. Wengine walisema nimelogwa na aliyekuwa mke mwenzangu kabla hajaachana na mume wangu. Tukaenda kwa mganga, mbuzi akachinjwa, na mimi nikamnunia mama wa watu aliyekuwa hana kosa lolote. Hilo nalo ni deni langu. Nilimwomba radhi baadaye, akanisamehe, ila hatukurudi kucheka kama zamani.

Muuguzi mmoja mgeni kwenye zahanati ndiye aliyemtazama Mabula meno, akamtazama magoti, akaniuliza, "Mama, mnakunywa maji ya wapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Yalipimwa?" Nikasema ndiyo. "Majibu yalisemaje?"

Mwanangu, nilimshika Mabula mkono. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake.

Kesho yake nilirudi ile ofisi. Kijana wa mezani hakuwepo tena. Nilimkuta mhandisi wa makamo, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akatafuta faili, akalifungua mbele yangu, akasoma, kisha akavua miwani. Maji ya kisima chetu yalikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi, yale yanayoharibu meno na kupinda mifupa ya watoto. Wapimaji walishauri yatumike kufulia na kunyweshea mifugo. Watoto wadogo wapewe maji ya mvua au ya mahali pengine. Walikuwa wameyaandika hayo mwaka ule ule tuliocheza ngoma.

"Mbona hamkutuambia?" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Ilitakiwa ipelekwe barua kijijini, mama. Sijui ilikwama wapi. Kosa hilo ni letu, siwezi kulikataa." Akalifunga faili. "Lakini hii haikuwa siri. Mngekuja mkakaza, mngepewa."

Ningeweza kuvumilia kama wangekuwa wametuficha. Ningemchukia mtu, nikalala. Lakini hakuna aliyeficha. Faili lilikaa kabatini, mtu yeyote angeweza kulifungua, na mimi nilikuwa nimefika hatua chache tu kutoka kwenye hilo kabati nikasema asante nikarudi nyumbani.

Tulijenga tangi la maji ya mvua. Wadogo waliozaliwa baadaye wana meno meupe. Mabula alipelekwa hospitali, daktari akasema mifupa imeshakomaa hivyo, akampa dawa za maumivu. Leo ni mtu mzima, anatengeneza simu Bariadi mjini, ana mke na heshima yake, lakini kupanda ngazi tatu ni mpaka ashikwe mkono.

Mwaka jana alikuja kunisalimu. Tulikuwa tumemaliza kula, akanyoosha miguu yake kwa shida, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, mlijua?"

"Hatukujua, mwanangu."

"Mliuliza?"

Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Basi, mama. Pumzika." Akanishika bega. Mimi nililia, yeye hakulia. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu hayakungoja mjukuu, yalikuja yakiwa mtoto wa tumbo langu.

Sasa nisikilize, wewe kijana ambaye magoti yako bado yana nguvu. Serikali ikipima maji yako, udongo wako, shamba lako au damu yako, kilichoandikwa kinakuhusu. Ofisi imekutunzia tu. Siku hizi iko hata sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo ofisini, na asiyejua kuandika anasaidiwa kuandikiwa. Zipo chache zinazozuiliwa kwa sababu zake, lakini akuzuiaye akuambie sababu, tena kwa maandishi. Usikubali kurudi na "si za kila mtu".

Uwe Lalago, uwe Lagangabilili kwenye zile ofisi mpya za wilaya, ingia kwa adabu, salimia, sema shida yako. Muulize anayekuhudumia jina lake. Acha ombi lako limegongwa muhuri, ubaki na nakala. Ukikataliwa na mmoja, nenda kwa mkubwa wake. Ukiona aibu peke yako, nendeni watatu. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, lakini kuinama siyo kunyamaza. Na mwenzako akisimama kwenye mkutano kuuliza jambo, usimwambie anawachosha wakubwa. Huenda anauliza kwa ajili ya mtoto wako ambaye hajazaliwa.

Mimi sina cha kukurithisha zaidi ya hiki. Mungu akutangulie kwenye kila mlango utakaobisha. Akukutanishe na watu wenye masikio, na pale wasipokuwa nayo, akupe moyo wa kurudi kesho. Akujalie watoto, uwaone wakikimbia mpaka uchoke kuwaita. Wabeja, mwanangu, asante kwa kunisikiliza. Nenda salama.