Gari Lililokula Likiwa Limesimama

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Wazee wenzangu wakisikia hivyo hawaniulizi tarehe. Mvua ilitukataa hata sisi wa Manga, ambao tumezoea kunyeshewa kila alasiri. Wimbi, ule ulezi wetu, likaisha ghalani, yakaletwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, tukala ugali wenye rangi ya kifaranga. Mama aliuchanganya na lile wimbi dogo lililobaki ili Tata asione. Tata ndiye baba yangu, sisi Abagusii twamwita hivyo. Naye Tata alikuwa anaona, ila alikula kimya kwa sababu alimpenda aliyepika.

Naukumbuka mwaka huo, Momanyi mjukuu wangu, kwa sababu ndio mwaka kaka yangu Mokaya alirudi kutoka Uingereza, na nyuma yake, baharini, likaja gari.

Juzi umenipigia simu ukaniambia unahama huko uliko, unarudi nyumbani, na umepata gari lililotumika, bei ya kutupa, utalipandisha meli. Ukaniambia pia, kwa ile sauti yako ya kuomba sukari, kwamba ukipungukiwa pale bandarini labda niuze yule ng'ombe mweupe na ndama wake. Nikasema sikusikii vizuri. Nilikusikia vizuri sana. Nilitaka tu nikae chini niandike, kwa sababu simu hunikimbiza, na mimi niliyeishia darasa la tatu maneno yangu huja kwa miguu. Kaa basi uyapokee.

Mokaya alikuwa kifungua mimba wa mama yangu, na alikuwa mzuri, usidanganywe na picha za uzeeni. Alikwenda Uingereza kusomea kazi ya kupima mashamba. Aliporudi, kanisani siku ya Sabato alikaa mbele na suti ya sufu, jasho likimtiririka, na hakuivua. Wasichana walisahau nyimbo. Nilijivuna kama suti ile nimeishona mimi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulipona kweli, maana kila jioni alitusimulia habari za barafu mpaka njaa ikatuacha kidogo.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi wa siku hizi hamlijui. Wakati wetu kila kijana aliunganishwa na dada yake kwa ng'ombe. Dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio kaka anaowatoa ili apate mke. Mimi Moraa niliunganishwa na Mokaya. Ng'ombe wangu walikuwa mke wake. Na mke mwenyewe alikuwa anajulikana: Kerubo wa Ekerenyo, msichana mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa, aliyemngoja miaka yote ya Uingereza huku akichuma pareto za baba yake na kuwakataa wachumba wengine.

Na mimi nilikuwa na mtu wangu. Unamjua, ndiye babu yako, Nyabuto. Wakati huo alikuwa fundi wa kuchoma matofali, amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, na ng'ombe wake walikuwa mmoja na nusu. Nusu ni yule aliyekuwa tumboni.

Siku moja Mokaya alinikuta kisimani. Akanitwika mtungi mwenyewe, nikajua anataka kitu.

"Moraa, dada yangu," akasema, "kuna mzee wa Nyanchwa mwenye duka. Alifiwa na mkewe. Ana ng'ombe tayari, anaweza kuwatoa hata wiki hii."

"Na Nyabuto?"

"Nyabuto ana matofali. Baba ya Kerubo hataki matofali. Kerubo amengoja sana, Moraa. Akingoja zaidi watampa mtu mwingine."

Mjukuu wangu, nililia njia nzima na mtungi kichwani, na maji hayakumwagika. Lakini nilikubali. Nilimpenda kaka yangu, nilimpenda Kerubo, na ndivyo tulivyolelewa: msichana ni daraja, kaka avuke. Nilimwambia Tata sawa. Tata alinitazama kwa muda mrefu akauliza mara mbili, nikasema sawa mara mbili.

Basi wakaenda Nyanchwa kukagua ng'ombe, Tata na Mokaya. Kukagua ng'ombe wa mahari si kuhesabu vichwa. Unamfungua ng'ombe mdomo umwone meno. Unaminya chuchu moja moja. Unamtembeza uone kama anachechemea, unauliza mama yake alizaa mara ngapi. Unamkataa huyu, unabishana juu ya yule, mnakasirikiana, mnapatana, mnakula. Kazi hiyo humaliza siku, na mkaguzi mzuri hurudi nyumbani na kinyesi hadi magotini.

Mokaya alirudi viatu vikiwa safi.

Nilikuwa nje ya jiko namenya ndizi. Mama alikuwa kando yangu. Tata alikaa kwenye kigoda chake, akamwita Mokaya, na hakupandisha sauti. Tata alipokuwa hapandishi sauti hata kuku walitawanyika.

"Mokaya. Yule mwekundu mwenye chuchu iliyokufa, umemkubali wa nini?"

"Ni ng'ombe, Tata."

"Najua si mbuzi. Nauliza baba ya Kerubo atamkamua nini. Na yule ng'ombe mzee, meno yameisha kama ya bibi yako, umemkubali pia. Mwenye duka alikuwa anakushangaa. Alikuwa amejiandaa kubishana, akakosa mtu."

Mokaya akatazama viatu vyake. "Hawaendi kwa Kerubo, Tata."

"Wanakwenda wapi?"

"Sokoni. Watauzwa. Pesa zitaenda Mombasa."

Tata akauliza, "Kerubo amehamia Mombasa?"

Ndipo yote yakatoka. Kule Uingereza mzee mmoja jirani yake alimwuzia gari lake, bei ndogo hata Mokaya aliona aibu kuilipa. Alidhani amemkuta Mungu akigawa riziki. Aliuliza bei ya gari, hakuuliza bei ya njia. Kwanza ikaja nauli ya meli. Halafu bima, kwa maana hata gari la kutupa baharini halitupwi bure. Lilipofika Mombasa wakaja watu wa forodha, nao hawakuangalia ile bei aliyolipa. Waliliangalia gari wakalipangia thamani yao wenyewe, na juu ya thamani hiyo wakaweka ushuru. Kukawa na wakala wa kumsaidia kulitoa, naye ana tumbo. Na kubwa kuliko yote, kila siku gari lilipokaa pale uwanjani kungoja, bandari ilidai malipo ya kulikalisha. Bandu bandu huisha gogo. Mshahara wake wa kwanza ulikwenda huko, wa pili ukaufuata.

"Subiri," Tata akasema. "Gari limesimama?"

"Limesimama."

"Na linakula?"

"Kila siku, Tata."

"Hata ng'ombe aliyefungwa kamba hunipa samadi."

Mokaya akaanza kusihi. Akasema akilitoa tu, atalitembeza, atapata pesa, atanunua ng'ombe wengine wazuri kuliko hawa, Kerubo ataolewa kwa heshima, atapelekwa kwao akiwa amekaa kiti cha mbele. Alisema vizuri. Alikuwa na ulimi kama wako, Momanyi. Mama alianza hata kutikisa kichwa kukubali, nikamwona.

Tata akasugua magoti. "Ng'ombe wa Moraa ni wako, hilo nimelipanga mwenyewe na siwezi kulipangua. Lakini nilipanga waende kwa mke. Sijui mila inasema nini juu ya gari." Akanigeukia. "Moraa, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimekubali kulala katika nyumba ya mtu nisiyempenda ili Kerubo apate nyumba. Sasa niliambiwa nilale humo ili chuma kitoke bandarini. Nilisimama na kisu cha kumenyea mkononi, utomvu wa ndizi umenigandia vidoleni, na nikasema neno ambalo msichana wa siku zile hakusema mbele ya baba yake:

"Ng'ombe wangu hawaendi Mombasa. Kama gari lina njaa, likale nyasi."

Mokaya aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Wewe unajua nini? Hata baiskeli hujui kuendesha."

"Na wewe gari lako hujaligusa tangu lipande meli. Tuko sawa."

Mama akaficha uso kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Tata hakucheka, aliinuka tu akasema, "Kesho nitarudi Nyanchwa kumwomba radhi yule mzee. Ni mtu mwema, asingojeshwe bure." Hapo ndipo nilipojua kwamba amelichukua neno langu, nikaketi nikamalizia kumenya ndizi zangu.

Usidhani nilishangilia. Mokaya hakunisemesha kwa muda mrefu. Alipita karibu yangu kama apitavyo mtu karibu na mti. Hilo liliniuma kuliko kama ningeolewa na yule mzee, nakwambia kweli. Alikwenda Mombasa kuwasihi watu wa bandari, akalikuta gari limejaa vumbi, magurudumu yamelegea, mvuke wa chumvi umeanza kulitafuna milango. Wenye bandari mwishowe walilipiga mnada ili wajilipe. Alirudi na ufunguo wa akiba mfukoni, basi.

Kerubo alisikia habari sokoni Ekerenyo, na hakungoja kuitwa. Alipanda mlima wetu na kikapu cha wimbi, sijui alilipata wapi mwaka ule, akaniwekea miguuni.

"Moraa," akasema, "nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nitaolewa au nitaegeshwa."

Tulicheka mpaka Mokaya akatoka nyumbani kuona kuna nini. Akatukuta, akasimama, na yeye akaangua kicheko. Akakaa kando yangu. Akasema, "Forodha." Basi, hilo tu. Tangu siku hiyo hakuniita Moraa tena. Hata alipokuwa anakaribia kufa, nikiingia mlangoni alisema, "Forodha amekuja, ficheni vitu."

Babu yako alichoma matofali misimu mingi. Yule nusu alizaliwa, akawa jike, akabaki kwa babu yako azae. Ng'ombe walikuja kwetu mmoja mmoja, kama wageni wanaoona haya. Na Mokaya aliwakagua, mjukuu wangu. Aliwakagua. Alifungua midomo, aliminya chuchu, alibishana na Nyabuto hadi giza likaingia, na alirudi akiwa na kinyesi hadi magotini, suti na yote. Hapo Tata alitabasamu. Ng'ombe wale wakaenda Ekerenyo, na Kerubo akaja kwetu kwa miguu yake, mbele ya watu wote, akiimba. Ufunguo wa lile gari aliutundika ukutani, na watoto wake wote waliota meno wakiutafuna. Ndiyo faida pekee iliyoletwa na gari lile.

Sasa mwanangu, sikukatazi gari. Mimi si adui wa magurudumu. Hospitali nimepelekwa nayo. Nakwambia tu: rahisi ni ghali, hasa rahisi iliyo ng'ambo ya maji. Usimwulize bei anayeuza, yeye atakwambia la kwake. Waulize wanaolipokea. Kabla hujatoa hata sarafu, jua meli inataka nini, bima inataka nini, forodha watalipangia thamani gani, wakala anataka nini, na kila siku ya kukaa bandarini inakula nini. Uliza kama umri wake unakubaliwa huku, na usukani uko upande gani. Uliza fundi wa Kisii kama anaijua roho yake, maana gari lisilo na vipuri ni banda la kuku la bei kali. Yaweke yote pamoja, ulinganishe na gari ambalo tayari liko hapa, ambalo utalizunguka mwenyewe, ulipige teke, ulifungue mdomo. Ukiona la huko bado ni nafuu, lilete, nami nitakaa kiti cha mbele na kitambaa changu cha kanisani. Ukiona si nafuu, liuze huko huko, uje na mikono mitupu. Mikono mitupu ndiyo inayokumbatia vizuri.

Na kamwe usipange safari ya kitu chako kwa mgongo wa mtu mwingine ambaye hujamwuliza.

Mungu akutoe huko salama. Akufungulie mlango unaotoka na mlango unaoingia. Ukanyage Manga mvua ikinyesha, ukute chai ina maziwa, na maziwa uyaone yanatoka kwa nani: yule mweupe, kitukuu cha kitukuu cha yule nusu wa babu yako. Nakupenda kuliko alivyonipenda Mokaya, na Mokaya alinipenda sana. Ila lile swali lako la simu nalijibu sasa, ili usiseme tena sikusikia:

Ng'ombe wangu hawaendi Mombasa. Kama gari lina njaa, likale nyasi.