Mwethya Ulipopanda Lori

Nakumbuka siku moja, Jumamosi asubuhi, nimesimama uani pale Kitui nikiangalia lori nililolikodi likijaa wanawake. Si vitu, mwanangu. Wanawake. Vitu vilikuwa vimeshapakiwa: kitanda, meza ya kukatia nguo, marobota ya vitambaa na cherehani zangu mbili zimefungwa kwa kamba kama wafungwa. Juu ya vitu hivyo, na kando yake, walikuwa wameketi wanawake kumi na wanane, kila mmoja na kuku au boga mapajani. Lori halijawashwa, lakini wimbo ulikuwa umeshaanza.

Nakusimulia haya kwa sababu nasikia unahama. Umenionyesha hesabu zako kwenye simu, zimepangwa vizuri, zina rangi hata. Sina la kuzikosoa. Ila zangu pia zilikuwa nzuri, na ukizitazama zilivyokuwa zimenyooka ungedhani nimezipigia pasi.

Nilikuwa fundi wa kushona sare za shule. Simu za mkononi zilikuwa bado za watu wachache, na pesa mtu alitembea nazo mwenyewe. Miaka kadhaa nilikuwa nimeshona kwenye veranda ya mtu, nikilipia kila jua linalochwea. Kisha nikasikia mjini Wote kuna chumba kizuri, kinatazama barabara ya kwenda sokoni, na fundi wa sare aliyekuwa hapo amezeeka akarudi kwao. Nikaenda nikakiona. Mwenye nyumba, Mzee Kilonzo, alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, aliyeongea kana kwamba kila neno amelipima kwenye mizani.

“Kodi ya miezi miwili, mbele,” aliniambia. “Jumamosi, kabla jua halijazama. Kuna mchinjaji anakitaka. Mimi sipendi damu kwenye sakafu yangu, lakini pesa ni pesa.”

Shule zilikuwa zifunguliwe wiki iliyofuata. Akiba yangu yote ilikuwa imeenda kwenye vitambaa vya sare. Kitui, chumba changu kilikuwa kimeshapata mpangaji mwingine, mwalimu aliyekuja kila jioni kupima dirisha lake kwa macho. Kwa hiyo nikikosa chumba cha Wote ningekuwa sina duka wala pa kulala, na marobota ya kitambaa cha buluu yakinitazama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nikaandika kila kitu: lori, kodi, kufuli, mafuta ya taa, mpaka misumari ya kutundikia sare. Nilipofika kwenye vijana wa kupakia mizigo, nikaona bei yao nikaguna. Ndipo wazo likanijia. Kwa nini nilipe vijana nami nina mwethya?

Labda wewe uliyekulia kwenye nyumba za kupanga huujui mwethya sawasawa. Kwetu Ukambani, mtu akiwa na kazi kubwa, kuchimba bwawa au kupalilia shamba, huita majirani wakaja wakaifanya pamoja, bila mshahara. Kesho nawe huitwa kwa mwingine. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake wa kanisa, na nilikuwa nimewapalilia mashamba, nimewabebea mchanga na mawe. Nikafuta vijana kwenye daftari, nikaandika mwethya, na mbele yake nikaweka sifuri. Nililala nikijisifu.

Walikuja alfajiri wakiwa kamili. Kiongozi wao, Mama Kalondu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto. Vitu vyangu vilitoka nyumbani kama vina miguu. Nilipofungua mdomo kuwashukuru, nikaona Kalondu ameweka mguu kwenye gurudumu na wenzake wanamsukuma kwa nyuma.

“Mama Kalondu, unaenda wapi?”

“Wote.”

“Kufanya nini?”

“Asi! Kushusha! Mwethya gani unapakia mzigo halafu hauushushi? Ndunge, mwaitu, mama yangu, tukuache ufike ugenini peke yako kama mtu aliyefukuzwa na kwao?”

Dereva, kijana aliyeitwa Mutisya, akashuka haraka. “Mama, mimi sibebi watu. Mimi nabeba mizigo ya huyu dada.”

“Sisi ndio mizigo yake,” akasema Kalondu, akaketi.

Mutisya alinitazama. Mimi nikatazama funguo za chumba mkononi mwangu. “Haya,” akasema, “lakini hii lori tulipatana ni ya kwenda tu. Kurudi mtupu ni shauri yangu. Kurudi na hawa ni shauri yako.” Akataja bei ya kurudi. Wimbo ulikuwa mkubwa, nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo ningesema, mwanangu. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Lakini nilikuwa ninahama kwenda kuwa mwenye duka, na mwenye duka hawezi kuwaambia watu waliomletea kuku kwamba hana nauli yao. Pesa zangu zilikuwa kwenye leso, mafundo mawili: fundo la lori na fundo la chumba. Nikaligusa fundo la chumba, nikaliambia litulie.

Lilitulia hadi Tawa. Ilikuwa siku ya soko na harufu ya nyama ilikuwa imekaa barabarani kama askari. Hakuna aliyesema ana njaa. Kwa adabu zetu mtu aliyekuja kukusaidia hasemi ana njaa. Walichofanya ni kuacha kuimba. Jaribu siku moja kubebwa na lori moja na wanawake kumi na wanane walionyamaza. Nilivumilia kona moja, nikamgongea Mutisya asimame.

Kalondu alimwambia mwenye hoteli, “Tupe kidogo tu, nau, baba yangu. Tusimwumize msichana.”

Hicho kidogo kilikuwa nusu ya mbuzi, chapati za kupandiana kama matofali, na chai ambayo kila aliyemaliza kikombe alikigeuza kuonyesha kwamba kilikuwa kidogo. Wakaomba Mungu anibariki, kwa zamu. Kila baraka ikawa na kikombe chake. Nikafungua fundo la chumba, na baada ya kulipa halikufungika tena vizuri, maana lilikuwa limepungua.

Tulipofika Wote jua lilikuwa limeelekea magharibi. Wanawake wakashuka wakakivamia kile chumba. Wengine wakifagia, wengine wakipangusa dirisha, na mmoja alikuwa juu ya meza anapigana na utando wa buibui. Mimi nikamlipa Mutisya nauli ya kurudi, nikahesabu kilichobaki. Kodi ya mwezi mmoja ilikuwapo. Ya pili ilikuwa imeliwa na chapati.

Mzee Kilonzo akaja, na nyuma yake mtu mnene mwenye kofia nyeupe. Sikuhitaji kuambiwa huyu ni nani. Nzioka mchinjaji alikipima chumba kwa macho kama yule mwalimu wa Kitui, akaangalia hata mahali pa kutundikia nyama.

“Mzee,” nikasema kwa sauti ya chini, “naomba nikupe ya mwezi mmoja leo. Hiyo nyingine, shule zikifunguliwa.”

“Tulisema mbili.”

“Ni kweli, mzee.”

“Bwana Nzioka ana mbili. Anazo hapa mfukoni.”

Nzioka alipapasa mfuko wa koti kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Sikujua kwamba kufagia kulikuwa kumekoma. Mama Kalondu alikuwa mlangoni na ufagio. “Ndunge,” akasema, “ni kiasi gani hakipo?”

Nikamwambia. Mficha uchi hazai, na mimi siku hiyo nilikuwa nimejifunika mpaka nikakosa pumzi. Kalondu aliangalia midomo ya wenzake, bado ina mafuta ya mbuzi wa Tawa. Akageukia kuku, waliokuwa wamefungwa miguu kivulini.

“Hawa kuku ni wa nani?”

“Ni wangu. Mmenipa nyinyi.”

“Basi leo ni mnada.”

Mnada wa kanisani unaujua. Mtu akikosa pesa ya sadaka huleta kuku au mayai, ibada ikiisha vitu huuzwa nje, na bei haina uhusiano wowote na kuku. Kalondu alikuwa ameendesha minada hiyo maisha yake yote. Alipanda kwenye kiti changu cha kushonea, akamwinua kuku wa kwanza juu, na wale wenzake wakaanza wimbo. Watu waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama. Kuku wakaenda mmoja mmoja, na maboga, na hata muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, niliokuwa nimeletewa wa kupika wiki nzima. Pesa zikapanda, lakini hazikufika. Akabaki jogoo mmoja mwekundu mwenye dharau, na pengo lililobaki lilikuwa la bei ya mbuzi.

“Huyu,” Kalondu akasema, “hauzwi kwa mtu yeyote. Huyu ni wa mzee wa kanisa. Mzee Kilonzo, unampa huyu jogoo ngapi mbele ya watu wako?”

Kilonzo akakohoa, akataja bei ya jogoo.

“Asi! Hiyo ni ya shingo! Mwili je? Bwana mchinjaji, wewe unajua nyama. Wapenzi, huyu anataka kuwauzia nyama hapa Wote. Tumwone kama anaijua!”

Watu wakacheka. Nzioka akataja bei ya juu kidogo. Kilonzo, ambaye hakuzoea kupitwa mbele ya waumini, akaongeza. Nzioka akaongeza.

“Mchinjaji ashindwe na jogoo?” mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka dirishani. “Ng'ombe atamweza?”

Wimbo ukapanda. Nikaona jasho kwenye kofia nyeupe. Nikaona mkono ukiingia kwenye mfuko wa koti, ule ule uliokuwa ukibembelezwa, na kitita kikatoka. Nzioka alitaja bei ambayo sijawahi kuisikia tena ikitajwa kwa ndege. Vigelegele vikapigwa. Kalondu akampa jogoo, akachukua pesa, akashuka kwenye kiti, akaziunganisha na zangu na kumkabidhi Mzee Kilonzo palepale. Mzee alihesabu, akahesabu tena, akatia mfukoni.

Nzioka alikuwa amesimama na jogoo kwapani. Akili ilikuwa inamrudia taratibu.

“Mzee,” akasema, “na kile chumba?”

“Kimelipwa.”

“Na nani?”

Kilonzo alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki. “Sehemu iliyobakia,” akasema, “na wewe.”

Nililia kwa kucheka, kisha nikalia tu. Nilipokuwa nikiwasindikiza kwenye lori, Kalondu alinivuta kando.

“Ulipiga hesabu ya kila msumari, nimeona kwenye daftari lako. Sisi ulitupigia ngapi?”

Nikatazama gurudumu la lori.

“Sifuri,” akajibu mwenyewe. “Mwaitu, mwethya hauna mshahara, lakini una tumbo na una safari ya kurudi. Na una masikio pia. Ungesema huna, tungebeba chakula chetu na nusu yetu wangebaki. Umetuogopa kuliko mwenye nyumba.”

Hilo lilinichoma kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Basi mwanangu, hesabu zako zitazame tena. Umeweka lori na kodi. Weka na watu, kwa kuwa hakuna mtu wa kwetu anayehama peke yake. Uliza bei ya kurudi kabla ya kuuliza bei ya kwenda. Pesa ya paa usiitembeze sokoni. Ikiwezekana ilipe hata kabla hujafunga kitanda. Na penye sifuri, simama hapo zaidi ya pengine pote, ujiulize ni nani anayeilipa hiyo sifuri. Wanaokupenda waambie uwezo wako mapema, kwa mdomo wako. Aibu ya kusema ni ya dakika moja. Ya kunyamaza huja na wimbo na watu wa soko, na usitegemee kwamba Mungu atakuwa ameshamweka mchinjaji mwenye kiburi tayari mahali pake.

Nenda salama. Mlango utakaoufungua ukufungukie kwa wepesi, maji yasikupige chenga, majirani wakujue kwa jina kabla ya mwezi kuandama, na Mungu akupe cha kutosha wewe na kila atakayekusindikiza.