Upande wa Pili wa Kaseti

Kama ungefika Isiolo mwaka wa sabini na sita ukauliza ni nani anayefunga mabao hapa, usingemaliza swali lako. Wangekuonyesha kijana mmoja mrefu mwenye miguu myembamba, amelala chali chini ya lori akikaza nati. Huyo ndiye Samatar, senta fowadi wa Waso Stars, mjukuu wa askari wa Mwingereza aliyepewa makao Isiolo baada ya vita vya wazungu na kuambiwa ashukuru. Mchana alikuwa fundi. Jioni, uwanjani, alikuwa mtu ambaye magolikipa wa Meru na Nanyuki walimtaja kwa majina yasiyofaa kuandikwa.

Mabao yake hayakuwa ya mbwembwe. Hakupiga chenga watu watano kama wale wanaotafuta kupigiwa makofi. Alisimama tu mahali ambapo mpira ungekuja, na ulipokuja, keshaupeleka. Mwalimu Mungania, Mmeru aliyefundisha hesabu asubuhi na mpira jioni, alikuwa akisema kwamba Samatar anajua mpira utakwenda wapi kabla mpira wenyewe haujajua.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa tano, mwalimu huyo alikuja na barua mkononi, jasho linamtoka. Klabu moja kubwa ya Nairobi inataka kumwona Samatar mwezi wa nane. Ikimpenda, itampa kazi na chumba. Basi, mtu alikuwa na miezi mitatu tu kati yake na maisha mengine kabisa, na alichotakiwa kufanya ni kukaa palepale Isiolo na asivunjike mguu. Hata leo nikiifikiria ile miezi mitatu nashikwa na hasira.

Sasa sikiliza habari ya kaseti, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Siku hizo Wasomali wa ukoo wa Samatar hawakuandikiana barua sana. Waliongea kwenye kaseti. Mtu aliyeko Burao, kaskazini ya Somalia, alikaa na redio yake, akabonyeza, akaongea. Kaseti ikapewa dereva, dereva akampa dereva mwenzake, na baada ya mwezi mmoja au miwili ikafika Isiolo. Ikifika, haisikilizwi kimyakimya. Majirani wanaitwa, chai ya maziwa inapikwa, wanaume mkekani na wanawake mlangoni, kwa sababu mtumaji anamsalimia kila mtu kwa jina lake na ole wake atakayemsahau mtu. Upande wa kwanza ni wa wote: salamu, vifo, harusi, mvua, ngamia. Mwisho dua inasomwa na watu wanaitikia amina, kana kwamba msomaji yupo pale. Mtu mwenye neno la siri, neno la watu wa nyumba tu, huigeuza kaseti akaliweka upande wa pili. Wachache walifanya hivyo, kwa hiyo wachache walikumbuka kuangalia.

Kaseti ya mwezi ule ilitoka kwa Hirsi, kaka wa pekee wa Sirad, mama yake Samatar. Huyo Hirsi alikuwa na maneno, Mungu amrehemu. Kukuambia kwamba mvua imenyesha angeanza na mawingu ya mwaka juzi. Alisalimia mtaa mzima, hata Godana, Mborana rafiki yake Samatar, ambaye yeye Hirsi hakuwahi kumwona. Halafu sauti ikashuka. Mama yetu ni mgonjwa, akasema. Hali kitu. Kila asubuhi anauliza kama yule mjukuu wa Isiolo amefika. Kisha ikaja dua, na wanawake wakalia. Sirad alijifunika uso kwa shali, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshakata shauri.

"Samatar, utaenda Burao. Umuone ayeeyo yako na macho yako, alafu urudi."

"Hooyo, Nairobi ni mwezi wa nane."

"Na sasa ni mwezi gani? Lori inatembea, hailali. Mpira itakungoja, ayeeyo hatangoja."

Nani angebishana hapo? Bibi ni bibi, na mgonjwa ni mgonjwa.

Kesho yake ilikuwa fainali, Waso Stars na timu kutoka Meru. Godana alikuwa na redio kubwa ya kurekodi na ugonjwa mmoja usio na dawa, wa kujifanya mtangazaji. Samatar akaona ni vyema arekodiwe mabao yake, ampelekee bibi asikie. Lakini kaseti mpya zilikuwa zimeisha madukani. Akaichukua ile ya mjomba wake.

"Hooyo, hii kaseti, upande ingine iko na kitu?"

Sirad alikuwa akimfungia mwanawe nyirinyiri, nyama iliyokaangwa vipande vidogo na kuzamishwa ndani ya samli ili isioze safarini. Hakuinua hata kichwa. "Itakuwa na nini? Dua imeshasomwa."

Ilikuwa na kitu. Hirsi alikuwa ameigeuza na kuongea huko mambo ambayo majirani hawakupaswa kuyasikia: kwamba vita inanukia, kwamba vijana wanashushwa kwenye magari na kupewa bunduki, na kwamba hata mama akilia namna gani, Sirad asimtume mtoto. Samatar aliibeba kaseti hiyo kwa mkono wake mwenyewe mpaka uwanjani.

Alifunga matatu. Upepo wa Isiolo ulikuwa umeinua vumbi hata goli la pili halionekani, na bado alifunga matatu. Godana hakurekodi mchezo wote, alibonyeza tu hatari ilipokaribia, kwa hiyo kelele zake zote hazikuzidi dakika nne. Jioni ile waliirudia kaseti hadi betri zikalegea. Bao la kwanza, la pili, la tatu, "Samaaaatar, mwana wa Isiolo, Meru rudini nyumbani!" na papo hapo kidole cha Godana kinazima na kurudisha nyuma. Hakuna aliyeiacha iendelee hata kidogo. Laiti wangeiacha kwa pumzi moja tu!

Asubuhi ya safari Sirad alimnyang'anya kaseti. "Hii iache. Iko na sauti ya kaka yangu na mabao yako. Wewe unaenda na mdomo yako, utamwambia ayeeyo mwenyewe." Samatar akaondoka na lori la kwenda Wajir, na barua ya Nairobi amemwachia Mwalimu Mungania amtunzie.

Mtu mwenye macho angegeuka njiani. Pale Wajir dereva alimwonyesha malori yaliyotoka ng'ambo: yamejaa wazee na akina mama, kijana hata mmoja hakuna. Mpakani mwanamke mmoja muuza chai alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamuuliza kama mama yake yuko hai. Alipojibu ndiyo, mwanamke akakataa pesa ya chai. Samatar akageuka kutazama njia aliyotoka. Lakini akajiambia hivi: mjomba wangu yuko kule na anajua kila kitu, kama njia ni mbaya angesema. Akapanda lori jingine.

Hakufika Burao. Siku ya tatu wanajeshi wa Somalia walisimamisha lori nyikani, wakamshusha yeye na wengine sita. Aliwaonyesha kitambulisho cha Kenya. Yule mkubwa alikisoma pole pole, akakirarua, akamwambia kwa Kisomali kwamba ulimi wake umeshamshuhudia yeye ni nani. Mwezi wa nane, siku ambayo alitakiwa awe Nairobi amevaa viatu vya mpira, alikuwa kwenye shimo ng'ambo ya Hargeisa amevaa viatu vya marehemu. Siku hiyo aliikumbuka tarehe na akalia hadharani, na hakuna aliyemcheka.

Ya vitani hakupenda kuyasimulia na mimi sitamsemea. Najua tu kwamba mwanzoni mwa mwaka uliofuata, jeshi la Somalia lilipokuwa likirudi nyuma mbio, kipande cha chuma kilimwingia goti la kulia. Goti la mabao. Bibi alikuwa ameshakufa, anamtaja. Samatar alitoroka hospitalini kwa fimbo, akaja chini chini na wachunga ngamia na malori ya usiku, na mwaka wa sabini na tisa akashuka Isiolo, miaka ishirini na minne, anatembea kama mzee. Maaskari walimhoji wiki mbili alikuwa wapi. Mwalimu Mungania ndiye aliyesimama na kusema huyu ni mtoto wetu. Barua ya Nairobi ilikuwa bado iko ndani ya kitabu chake cha hesabu. Hakuna kati yao aliyeitaja.

Alicheza tena, usidhani hakucheza. Miaka mitatu Waso Stars walimweka mbele asimame tu, na bado mpira ulimfuata, ila sasa alipoujua unakokwenda, mguu haukumfikisha. Siku moja mpira ulipita hatua mbili mbele yake, goli wazi. Mtu fulani akacheka. Samatar alivua jezi, akaikunja vizuri, akamkabidhi mwalimu. Akarudi chini ya malori, yale ya kwenda Merti na Sericho, na huko hakuna aliyemdai akimbie.

Sirad naye alikuwa na lake. "Kaka yangu aliniitia mtoto vitani," alisema, na hakuambilika. Alikifunga kinywa chake kwa Hirsi kabisa. Hirsi alituma kaseti nyingine, na nyingine, na nyingine. Sirad alizipokea kutoka kwa madereva, akazitupia ndani ya sanduku la bati pamoja na ile ya mwanzo, akageuza ufunguo. Samatar hakulifungua kamwe. Nani anataka kujisikia akifunga mabao?

Mwaka wa themanini na nane, mwezi wa sita, redio ikaanza kuitaja Burao kila jioni. Mara hii vita ilikuwa ndani ya mji wenyewe, na ndege ndizo zilizokuwa zikipiga nyumba. Sirad alisikiliza amesimama, hakukaa. Mwisho wa mwezi wa saba akaja mtu aliyetoroka, akasema nyumba ya Hirsi imeanguka, na Hirsi alikuwa ndani. Sirad hakulia. Alisema, "Mungu amsamehe," akaenda jikoni kuwapikia waliokuja kumpa pole.

Godana alikuja siku ya tatu, tumbo limetoka, mvi kidogo. Akamwambia Samatar kwa sauti ya chini, "Mzee alinisalimia kwa jina langu, mimi Mborana. Nataka kusikia hiyo salamu tena."

Wakafungua sanduku. Godana aliitia kaseti kwenye redio, akarudisha nyuma kidogo, akabonyeza. Alikuwa ameitia kichwa chini miguu juu, upande wa pili. "Samaaaatar, mwana wa Isiolo, Meru rudini nyumbani!" Godana akajifunika macho kwa viganja vyote viwili, na kwa sababu hiyo hapakuwa na kidole cha kuzima. Kelele zikakatika. Mlio mfupi. Halafu Hirsi, sauti yake ileile isiyo na haraka:

"...nakuapia, Sirad, hata mama akifa leo, usimtume. Atakayekuambia njia ni salama ni mwongo. Nimeongea sana, najua, lakini hili lishike. Mwache mtoto acheze mpira wake. Mwambie mjomba wake amesema acheze."

Samatar akazima. Miaka kumi na moja alimlaumu mjomba wake, na mwizi wa neno lile alikuwa yeye mwenyewe.

"Itupe," Godana akanong'ona. "Usimwambie mama. Ni yeye alisema hakuna kitu. Itamuua."

Samatar alifikiri. Alisikia sufuria zikigongana jikoni. Angeweza kuifuta pale pale, kitufe ni kimoja, na mama angekufa siku yake akiwa na kaka mbaya na dhamira safi. Lakini Hirsi alikuwa ameshanyamazishwa mara mbili, mara ya kwanza na mpira, mara ya pili na ndege.

"Hooyo," akaita. "Njoo usikie kaka yako."

Sirad alikuja, mwiko mkononi. Alisikia mara ya kwanza amesimama. Akasema, "Irudishe." Mara ya pili alikaa chini. Mara ya tatu mwiko ulimtoka.

"Uliniuliza," akasema. "Nikakuambia dua imeshasomwa."

"Ni mimi nilirekodi, hooyo."

"Na ni mimi nilijibu."

Ndipo alipolia, kilio ambacho kaka yake alikuwa amekingojea tangu asubuhi ya habari ile, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mwingine. Alijivuta hadi kwenye sanduku, akatoa kaseti zile nyingine, tisa, bado zimefungwa kwa vitambaa vya madereva waliozileta, akazipanga mbele ya Samatar moja moja.

"Weka hii ya kwanza," akasema. "Na kila moja ikiisha, hata kama dua imesomwa, uigeuze."