Mama Kunegunda wa Msamala na Kibuyu Kisichokauka

Ninaapa mbele ya Mungu na jumuiya yetu yote: haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Mama Kunegunda alizaliwa kijijini Mshangano mwaka 1938, kwa wakulima wa mahindi, na inasemekana alikunja ngumi hadi mkunga aliponawa. Mwaka 1986, baada ya kufiwa na mumewe, aliitikia wito wa kuwahudumia wazee wasiojiweza katika nyumba yao pale Msamala: kuwaogesha, kuwabadilisha nguo, kuwalisha. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani sabuni za nje zilijaa kila rangi. Kwa wazee hapakuwa na hata kipande.

Machi 1988 kuhara kukaingia. Wazee wanne walizikwa ndani ya wiki mbili, na kumi na mmoja wakabaki kitandani. Kunegunda akaona kwamba ugonjwa unatembea kwa mikono ya wahudumu wenyewe, toka nepi ya huyu hadi uji wa yule. Aliuza kanga yake ya kanisani, akanunua sabuni ya mche, akatundika mlangoni kibuyu chirizi, kile cha kuchuruzisha maji ya kunawa, na kuweka sheria: usimguse mzee kabla ya kunawa, na ukitoka kwa mmoja, nawa tena ndipo uende kwa mwingine.

Jaribu kubwa lilikuja na mwenyekiti wa kamati ya nyumba hiyo, Mzee Pankrasi, aliyefika kuwapa pole wagonjwa, mkono umeshanyooshwa.

“Kwanza maji, baba.”

“Kwa hiyo mimi mchafu?”

“Hata mimi mchafu, baba. Ndiyo maana nanawa.”

“Nitakufukuza kazi.”

“Nifukuze ukishanawa.”

Akanawa, akasahau kufukuza. Katika wale kumi na mmoja, kuhara hakukumchukua hata mmoja.

Alifariki Agosti 1997, viganja vimechubuka kwa sabuni. Na ajabu yake ni hii: kwa miaka tisa kibuyu kile hakikujazwa na mtu, wala hakikukauka.

Nilipofika hapo nikiisoma habari hii jumuiyani, Bibi Walburga, aliyefanya kazi naye, akainua kichwa.

“Hakikujazwa na mtu, Osmund?”

“Hakikujazwa, dada.”

“Na mimi niliyebeba ndoo toka kisimani kila alfajiri, nilikuwa malaika?”

Jumuiya ikacheka. Nikakohoa.

“Basi malaika amezeeka,” akasema. “Kesho utabeba wewe.”

Huu ni mwezi wa tatu nabeba ndoo. Ndugu waamini, tumwige Mama Kunegunda: tunawe kabla ya kumgusa mzee, na tunawe tena. Kibuyu kile hukauka mara nne kwa siku. Hilo naapa.