Sweta la Kuazima

Muuguzi yule wa kliniki ya vijana hajui kutulia. Severina, aliyetoka Mungaa na binti yake Yunisi, mwenye miaka kumi na sita na anayetibiwa sonona, alichoka kwa kumtazama tu: mara afunge dirisha upepo usipeperushe mafaili, mara alifungue, mara avute mikono ya sweta lake la kijani lililochakaa viwiko, na kalamu yake muda wote inagonga meza. Severina alikuja na habari njema, hakuweza kuzishika. "Nesi, zile dawa zimemkubali. Amekuwa mtu mzima kabisa! Anaamkia wazee, aliogombana nao kawaomba radhi. Juzi kawagawia wadogo zake nguo zake zote za sikukuu."

Kalamu ikanyamaza. Muuguzi akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya binti. "Zote? Na wewe Krismasi utavaa nini?" Yunisi akatazama sakafu. "Mwanangu, unawaza kufa?"

"Nesi, usimtamkie mtoto neno hilo!" Severina alimaka, lakini Yunisi alikuwa ameshaitikia kwa kichwa, na kilio kikamtoka kama cha mtoto mdogo. Muuguzi hakumnyamazisha. Alivua sweta lake, akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

"Leo mnalala hapa wodini, na mama habanduki kwako. Hili sijakupa, nimekuazima. Ijumaa nalitaka, na uniletee wewe mwenyewe."