Mnyororo wa Lango la Kaliko

Verlon Caudill alikuwa mtu mwoga, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Aliogopa radi, aliogopa simu ikilia alfajiri, aliogopa mtu akimwita kwa jina lake lote. Alilelewa hivyo. Baba yake alikuwa mtu wa makelele na mkanda, na mtoto aliyekulia nyumba ile alijifunza mapema: ukivunja kikombe, zika vipande, kaa kimya. Verlon alivuka miaka sitini akiwa bado anazika vipande.

Kwa farasi, woga huo ulimfaa. Majike wenye mimba hawapendi watu wa mbwembwe. Verlon aliingia bandani polepole, akizungumza chinichini, akikagua kila komeo kisha akirudi kulikagua tena. Kwa sababu hiyo Bi Augusta Pruitt, mwenye shamba, alimkabidhi banda la majike wa kuzaa pamoja na nyumba ndogo iliyo nyuma yake. Humo ndimo Verlon na mkewe Earlene walimoishi tangu walipooana.

Na humo bandani alikuwemo jike aliyeitwa Kaliko. Jina lake la uwanjani lilikuwa Sister Calico, na siku aliposhinda mbio zake kubwa za mwisho, nusu ya mji wetu ilifunga maduka kumtazama. Lakini mbio ni za miaka miwili mitatu, baada ya hapo ni damu, yaani kuzaa. Watu wa farasi huhesabu undugu kwa mama. Dume mmoja anaweza kupata watoto mia kwa mwaka, na hao hawaitwi ndugu. Ndugu ni wa tumbo moja, basi. Ukoo wa Kaliko ulishuka kwa majike peke yao, kutoka kwa mama, bibi na mama wa bibi, hadi kwa jike aliyeletwa shambani na babu yake Bi Augusta, na hakuna hata mmoja wao ambaye hakuzaa mshindi. Sasa ukoo huo ulikuwa umebaki uzi mmoja. Kaliko alizaa zaidi madume, wakorofi, wakahasiwa wote ili wakimbie kwa adabu. Binti yake wa pekee alikufa kwa msokoto wa tumbo kabla hajatiwa tandiko. Na mwenyewe umri ulikuwa unakwenda. Asipopata binti, ndiyo mwisho wa habari.

Bi Augusta alikuwa amepita themanini, hana mtoto wala mpwa. "Mimi na Kaliko tunashindana nani ataisha kwanza," alizoea kusema, akacheka peke yake. Verlon hakuona cha kuchekesha.

Machi ile iliamuliwa Kaliko apelekwe kwa Tamarack, dume wa shamba la jirani. Mkahawani hakukuwa na mazungumzo mengine. Tamarack anazaa mabinti wenye vifua vipana, walisema, na upungufu wa ukoo wa Kaliko ni kifua. Mwenye duka la malisho alisema binti wa hao wawili akizaliwa, yeye atakwenda kumwona akiwa amevaa suti ya kanisani.

Kabla ya safari lazima ijulikane kama jike yuko tayari, na kazi hiyo ina mwenyewe. Kila shamba lina dume mmoja maskini wa kujaribia. Huletwa mpaka kwenye ua wa mbao, hunusa, hubembeleza, na jike akiinua mkia watu wanajua wakati umefika. Kisha huyo anarudishwa kwake, na bwana harusi anakuwa mwingine. Jamani, kazi gani hiyo. Wa kwao alikuwa poni, yaani farasi mfupi, wa mabaka meusi na meupe, mpole, mwenye uso wa mtu anayekusanya sadaka, ndiyo maana wakamwita Shemasi.

Asubuhi moja kabla ya siku ya safari Verlon alimfikisha Shemasi uani, na Kaliko akaonyesha kwamba yuko tayari. Papo hapo radi ikapiga karibu kabisa, nyuma ya ghala la tumbaku. Verlon alimsukuma Shemasi ndani ya boma lililopakana na la Kaliko, akavuta lango, akakimbilia chini ya paa na kuziba masikio. Mnyororo wa lango hakuutia kwenye kulabu yake. Mtu aliyekagua makomeo maisha yake yote, siku hiyo hakukagua.

Mvua ilipotulia alirudi. Shemasi na Kaliko walikuwa wamesimama bavu kwa bavu katika boma moja, wamelowa chepechepe, wanakula nyasi kama wanandoa wa zamani.

Labda hapakutokea kitu, alijiambia. Poni mzee yule, na jike mrefu vile. Alimrudisha Shemasi kwake, akamkausha Kaliko kwa gunia, akatia mnyororo mahali pake. Kesho yake Kaliko alipelekwa kwa Tamarack, akapandwa, watu wakapeana mikono. Verlon alipeana nao.

Jioni Earlene alimwekea maharage na mkate wa mahindi, akamtazama akiyazungusha kwenye sahani.

"Maharage yamekukosea nini?"

"Sina njaa."

"Verlon Ray Caudill. Umevunja nini?"

Akamweleza. Earlene aliweka kijiko chini.

"Basi inuka ukamwambie Bi Augusta. Daktari ana sindano. Kama kuna mimba wataitoa mapema, mwezi ujao jike anarudi kwa Tamarack. Hakuna aliyekufa."

"Watatutoa humu ndani, Earlene."

"Nani kasema?"

"Na kama hakukuwa na kitu? Nitakuwa nimejichongea bure."

"Wewe hata kuku akikukoholea unaomba radhi. Leo ndiyo unataka ujasiri wa kunyamaza?"

"Nitamwambia kesho."

"Kesho ipi?"

Verlon alisukuma sahani kando. Alikuwa anamwona Bi Augusta akisimama, akipaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya baba yake.

Siku ya kupima, Daktari Hollis alileta mashine yake ya picha, akakodoa macho kwenye kioo, akasema, "Ameshika." Bi Augusta alimshika Verlon mkono. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, dakika ile ile, sindano ikiwa bado ndani ya mkoba wa daktari. Verlon alifungua kinywa akasema, "Hongera, Bi Augusta." Ningekuwepo ningemkanyaga mguu.

Aprili ikapita. Mei ikapita. Juni ikaisha, na msimu wa kupandisha ukafungwa. Kuanzia hapo kusema kusingefaa kitu. Mashine iliporudi ikaonyesha kwamba mtoto tumboni ni jike. Bi Augusta alileta pai ya njugu za pekani bandani, akawakatia watu wote kwa mkono wake, akalia bila kujificha. Verlon alikula kipande chake, akaenda nyuma ya banda akakitapika.

Majira ya baridi yalimmaliza. Alikonda. Alishindwa kumtazama Shemasi, akawa anamtupia nyasi na kugeuka. Akiona wingu alitafuta pa kukaa. Kila alipopitisha kiganja kwenye tumbo la Kaliko na kumsikia mtoto akipiga teke, aliondoa mkono upesi. Aliomba mtoto awe wa Tamarack. Siku nyingine, Mungu amsamehe, aliomba mimba iharibike, kisha akakaa kando ya jike akimwomba msamaha kwa sauti.

Farasi huzaa gizani, lakini Kaliko alikuwa na yake. Alianza mchana, theluji ikianguka, na kila mtu akapata nafasi ya kufika. Daktari Hollis alisimama mlangoni. Bi Augusta aliketi juu ya nyasi kavu zilizofungwa, koti limembana mpaka shingoni. Verlon alipiga magoti nyuma ya jike. Mguu wa kwanza ukatoka, mweupe mpaka gotini. Farasi wengi wana soksi, alijiambia. Ukatoka wa pili, pua, kichwa cha hudhurungi. Akapumua. Kisha Kaliko akasukuma, bega likatoka, na juu ya bega kulikuwa na baka jeupe pana kama kitambaa cha meza.

Mtoto aliteleza akaanguka kwenye majani, ana mabaka mwili mzima.

"Ni jike," alisema Daktari Hollis. Hakuna mtu mle bandani aliyehitaji kuelezwa mabaka yale ni ya nani.

"Verlon," aliita Bi Augusta.

"Ni mnyororo wa lango, Bi Augusta. Sikuutia kwenye kulabu. Radi ilipiga, nikakimbia."

Aliinamisha kichwa akingoja makelele. Hayakuja.

"Radi ya lini?"

"Siku moja kabla hatujampeleka kwa Tamarack."

"Kwa hiyo daktari alipompima, ulikuwa unajua."

"Sikuwa na hakika."

"Sikukuuliza kama ulikuwa na hakika." Alisema taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Mnyororo ningeusahau kabla ya chakula cha mchana. Mimi mwenyewe nimeacha malango wazi mara ngapi? Lakini tulikuwa na Aprili, Verlon. Tulikuwa na Mei. Tulikuwa na Juni."

"Niondoke lini?"

"Uende wapi? Mkaushe mtoto, anatetemeka."

Akajishika kwenye nguzo, akainuka, akatoka nje thelujini bila kungoja mtu wa kumshika mkono.

Msimu huo Kaliko alipelekwa tena kwa Tamarack, na tena, na hakushika. Daktari alisema tumbo limechoka. Binti wa mabaka hakuandikishwa popote, maana damu ya Shemasi haimo katika kitabu cha farasi wa mbio. Hawezi kushindana, hawezi kuzaa mtoto atakayeshindana.

Mei, watoto wa farasi waliachiwa bondeni pamoja na mama zao. Walianza mchezo wao wa kukimbia kando ya ua, na wakati wenzake wako katikati, binti wa mabaka alikuwa ameshafika kwenye kona na kugeuka. Kifua kilikuwa kipana. Verlon aliutazama mchezo huo akiwa langoni, mkono wake umeshika mnyororo. Gari la Bi Augusta lilikuja likasimama kando yake, kioo kikashuka.

Walitazama wote wawili. Mtoto alikimbia tena, peke yake.

"Ni Kaliko kabisa," alisema Bi Augusta.

Verlon alingoja aongeze neno. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani mtu amfokee. Bi Augusta alipandisha kioo, akaondoka.